Punda Anaangalia Wapi

Mwezi mmoja kabla sijakabidhi funguo za ofisi, vijana wangu wanne walirudi kutoka semina ya uongozi wakiwa na mikoba mipya na vyeti vyenye picha ya farasi. Mwezeshaji alikuwa amewaonyesha video ya wakurugenzi wa makampuni huko Ulaya wakitembea na farasi kwenye majani yaliyokatwa vizuri, akawaambia kwamba anayeweza kumwongoza farasi anaweza kuongoza watu. Walinieleza habari hizo kwa upole mwingi, kama mtu anavyomweleza bibi yake namna ya kufungua simu mpya. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikauliza katika wilaya yetu nani anafuga farasi. Wakacheka. Mmoja akasema, "Basi Mama, tuandikie ya kwetu."

Ndiyo haya. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza liko kwenye faili, na la pili lingewakatisha tamaa. Nitaandika juu ya punda. Kwa miaka thelathini na kitu ya kazi ya mifugo, kutoka Didia mpaka Kharumwa, walionifundisha kuongoza ni punda wawili walioitwa Diwani na Katibu, pamoja na mzee mmoja ambaye hakuwa na cheti chochote, hata cha ubatizo, maana kilichomeka na nyumba. Misemo ya punda mnaijua, sitaurudia hata mmoja. Yote imetungwa na wabebeshaji.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kituo cha wanyamakazi kule Didia nikiwa na koti jeupe, buti mpya za mpira, na stashahada niliyokuwa bado naibeba kwenye bahasha endapo mtu angeiulizia. Hakuna aliyeiulizia. Aliyenipokea alikuwa mhudumu wa kituo, Mzee Jilala, mtu mfupi mwenye kofia ya pama iliyokwisha rangi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama buti.

"Wewe ndiye bibi mifugo mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Mtoe huyo punda zizini, mpeleke getini. Kisha tutaongea."

Kutoka zizini hadi getini zilikuwa hatua kama ishirini. Nilimfunga punda kamba, nikavuta. Punda akanyoosha shingo, miguu ikabaki pale pale. Nikaenda nyuma nikasukuma, nikapigwa teke la paja ambalo alama yake ninayo hadi leo, na mume wangu marehemu aliiita sahihi ya mwajiri. Nikarudi mbele na pumba kwenye kiganja. Akala pumba, akabaki. Saa sita mchana koti jeupe lilikuwa limekuwa rangi ya zizi, na Mzee Jilala alikuwa amemaliza michembe na kuanza karanga.

Alipoona nimekaa chini, akainuka. Hakushika kamba. Alikwenda akasimama ubavuni mwa punda, bega kwa bega, mikono nyuma, kama watu wawili wanaosubiri basi. Akatulia hapo kwa muda. Kisha akatembea peke yake hadi getini, akang'oa mfuko wa nailoni uliokuwa umenasa kwenye waya na kupepea, akautia mfukoni. Akarudi ubavuni mwa punda, akapiga hatua moja. Punda naye akapiga moja. Wakaenda hivyo mpaka getini.

"Asubuhi yote ulikuwa unamwangalia punda," aliniambia. "Hukuangalia punda anaangalia wapi."

Kwenye video ya farasi nadhani maneno hayo yangeandikwa kwa herufi kubwa na muziki nyuma. Mzee Jilala aliyasema huku akitema ganda la karanga, halafu akanituma kuteka maji.

Mtaniuliza vifaa vyetu vilikuwa nini. Kipimajoto, mkasi wa kwato, kamba ya katani, na sindano moja kubwa ya kushonea magunia ambayo ilikuwa mali ya Mzee Jilala na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuishika. Kwa sindano hiyo tulipigana vita ya nira. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, na Wasukuma ni watani wangu, kwa hiyo hili nalisema bila kuomba radhi: Msukuma anajua ng'ombe kiasi kwamba mnyama mwingine yeyote kwake ni ng'ombe aliyekosea kuzaliwa. Punda alipoingia vijijini, wakamfunga nira ya ng'ombe. Lakini ng'ombe ana nundu, nira inapata pa kukaa. Punda hana. Nira inakaa juu ya mfupa, inachubua, kidonda kinaoza, punda anagoma, na mwenye punda anasema mnyama huyu ana kiburi. Mzee Jilala, Msukuma mwenyewe, alizunguka vijiji na baiskeli yake akishona mikanda mipana ya kifuani kwa gunia na vipande vya mpira vilivyotupwa migodini, huku mimi nikipaka dawa vidonda na kueleza. Alikuwa anashona mikanda kumi kabla sijamaliza hotuba moja.

Miaka michache baadaye mradi wetu wa wanyamakazi ulinihamishia Kharumwa. Mzee Jilala alisema yeye haendi kwa watu wa dhahabu, kwamba hawalali na hawaogi. Wiki ya pili nilimkuta nje ya ofisi yangu mpya ameegesha baiskeli, sindano imechomekwa kwenye kofia. Alidai amekuja kuwasalimia wakwe. Wakwe hao sikuwahi kuwaona.

Kharumwa punda walikuwa na kazi nyingi kuliko Didia. Walivuta mikokoteni ya maji kwenda mialoni, ambako wachimbaji wadogo huosha mchanga wao kutafuta dhahabu, na mwalo bila maji ni shimo tu. Asubuhi moja mwanamke mmoja aliingia ofisini, akakaa kwenye benchi, akasalimia "mwangaluka" kwa sauti ya mtu aliyetembea mbali. Karani akamuuliza shida yake.

"Katibu hafanyi kazi," akasema. "Leo siku ya nne amesimama tu."

Karani akamwambia malalamiko juu ya makatibu yanapelekwa kwa mtendaji wa kata.

"Hata kula anakula kidogo," mwanamke akaendelea. "Nimejaribu kumpiga, lakini naona huruma."

Hapo karani akaja kuniita.

Alikuwa Mama Shija, mjane wa miezi miwili. Mumewe aliacha mkokoteni na punda wawili, Diwani na Katibu, ambao aliwapa majina hayo kwa sababu, alisema, mmoja anapiga kelele na mwingine anafanya kazi. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kugawa mali. Mdogo wa marehemu, Masanja, aliyekuwa anabeba mawe ya dhahabu kupeleka kwenye karasha yakasagwe, alichukua Diwani. Mama Shija alibaki na Katibu. Kila mtu aliona mgawo huo ni wa haki, mmoja kwa mmoja. Mama Shija akamwita fundi, akaupunguza mkokoteni uvutwe na punda mmoja, na siku ya kwanza kufungwa peke yake Katibu akasimama.

Nilielewa haraka kwamba jambo lenyewe halikuwa punda. Watu wa mwaloni walishamwambia kwamba maji yasipofika hadi Jumamosi watachukua mwenye mkokoteni mwingine. Na wakwe walishaanza kusema pembeni kwamba mwanamke asiyeweza kujilisha arudi kwao, na kwa kuwa mahari ilitolewa, watoto watatu wabaki kwenye ukoo. Shija, mkubwa wao, alikuwa na miaka saba. Mama Shija alinieleza hayo yote bila kulia, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Ilikuwa Jumatatu. Mzee Jilala alikuwa amekwenda msibani Didia. Nilifurahi kidogo, niseme ukweli. Nilikuwa na miaka yangu kadhaa ya kazi, na nilitaka mara moja tu nitibu punda bila mtu kutafuna karanga nyuma yangu.

Nilimpima Katibu joto, nikamfungua kinywa nikatazama meno, nikagonga kwato moja moja, nikasikiliza tumbo. Sikuona kitu. Sasa, mtaalamu asipoona kitu ana njia mbili, na moja ni kusema sijui. Majirani walikuwa wamejaa uani. Nikamchoma sindano ya minyoo na nyingine ya vitamini, nikatangaza, kwa sauti ya serikali, "Siku tatu atatembea."

Siku ya tatu nilikwenda na baiskeli ya ofisi kabla ya chai. Katibu alikuwa amesimama pembe ile ile ya ua, karibu na uzio wa minyaa. Jua lilikuwa linanipiga usoni, nikamgeuza ili nimwone vizuri. Akajigeuza akarudi alivyokuwa. Nikamgeuza tena, akarudi tena. Mara ya tatu vivyo hivyo. Nikamchoma sindano nyingine, na kwenye daftari nikaandika neno moja: mkaidi. Mama Shija aliniuliza kama atapona. Nikamjibu kwamba dawa inachukua muda kuingia kwenye damu. Alinishukuru, "Wabeja, bibi mifugo," akanipa mayai manne kwenye kikapu. Mayai yale yaliniuma kuliko lile teke.

Nilipofika ofisini Mzee Jilala alikuwa amerudi, yuko nje anafunga mnyororo wa baiskeli. Nikampa pole ya msiba, kisha nikamweleza kila kitu, joto, meno, kwato, sindano tatu. Alisikiliza, akagusa kofia yake.

"Anaangalia wapi?"

Nilikuwa najua joto lake kwa nukta, lakini hilo sikulijua. Tena nilikuwa nimeambiwa siku yangu ya kwanza kazini, na nikapigwa teke ili nisisahau.

Tulikwenda pamoja. Mzee Jilala hakugusa punda. Alisimama ubavuni mwake, bega kwa bega, na mimi nikasimama upande wa pili. Kutoka pale, juu ya minyaa, unaona shamba la pamba lililovunwa, na ng'ambo ya shamba paa jipya la bati. Nikamuuliza Mama Shija pale ni kwa nani.

"Kwa shemeji," alisema. "Kwa Masanja."

Punda wanaofungwa pamoja miaka mingi huwa wawili kwelikweli. Wanalala wamegusana, wanakula wamegusana, na kila mmoja anajua mwenzake anavutia upande gani. Nilikuwa nimesoma hilo chuoni, ukurasa wa kulia, chini. Ng'ombe wa Kisukuma wanahesabiwa na kugawanywa, na aliyepata wawili na aliyepata kumi wote wanaswaga nyumbani. Ukoo ule uligawa punda kama wanavyogawa ng'ombe, kwa nia safi kabisa, na mimi mwenye stashahada nikaja kumtibu aliyebaki minyoo.

Ijumaa asubuhi mwenyekiti wa kitongoji aliwaita wanazengo, yaani majirani wote wa pale, wakakaa nyumbani kwake kwenye mabenchi yaliyoazimwa kigangoni. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika hotuba. Kurasa nne. Ilikuwa na maneno kama ustawi wa mnyama na haki ya mjane, na mwishoni niliweka pendekezo kwamba Masanja amrudishe Diwani. Mzee Jilala aliziona karatasi nilipokuwa nazikunja.

"Hizo ni za kumpa punda ale?"

"Ni za kikao, mzee."

"Masanja ana masikio mawili kama punda," alisema. "Ukimvuta hivyo mbele ya watu, atanyoosha shingo tu."

Masanja ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza kusema. Alikuwa kijana mpole, mrefu, na alisema maneno ya mpole. Mgawo ulifanywa na wazee, hakuna aliyedhulumiwa. Kama punda wa shemeji ni mgonjwa, yeye anampa pole, lakini wa kwake ni mzima na ana kazi zake. Kisha mwenyekiti akasema tumsikie mtaalamu.

Nikasimama.

"Nilikosea," nikasema. "Katibu si mgonjwa. Nilimchoma sindano tatu bure, na niliwaambia siku tatu atatembea huku sijui anaumwa nini."

Walicheka, na sikuwalaumu. Mzee mmoja aliuliza kama Katibu atalipwa fidia. Kicheko kilipoisha nilishika karatasi zangu, na Mzee Jilala, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, hakunizuia. Alisogea tu kidogo bega lake likagusa langu. Nikazishusha. Nikamtazama Mama Shija, na safari hii nikaangalia anaangalia wapi. Alikuwa anaangalia mikono ya Masanja.

Masanja alikuwa ameificha katikati ya magoti. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Masanja," nikamuuliza, "mkono umefanya nini?"

"Kamba tu."

"Kamba ya nini?"

Akaisukuma mikono ndani zaidi ya magoti. Nami nikakaa kimya, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Ulimi ulikuwa na kurasa nne. Wanazengo wakasubiri, mbuzi wa mwenyekiti akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

"Diwani hatembei," Masanja akasema hatimaye, akitazama chini. "Anatembea upande mmoja tu. Kila asubuhi anaivuta kamba kwenda kwa shemeji, ananiburuza mpaka kwenye pamba. Tangu nimchukue hajabeba jiwe hata moja. Nimekuwa nawaambia watu amepumzishwa."

Hapo nilielewa kwamba pale uani tulikuwa watu watatu tunaoficha kitu kimoja. Masanja alificha mkono, mimi nilificha ujinga wangu kwenye sindano, na Mama Shija aliona kila kitu akanyamaza, kwa sababu mjane mgeni kwenye ukoo akisema wa kwanza anaambiwa ana tamaa. Sasa shemeji yake alikuwa ameshasema. Akasimama, akasalimia wazee kwa kupiga magoti kidogo.

"Mimi sitaki Diwani arudi kwangu," alisema. "Wala sitaki Katibu aende. Nataka wawe pamoja, na sisi tugawane siku. Shemeji achukue Jumatatu hadi Jumatano, abebe mawe yake. Mimi nichukue Alhamisi hadi Jumamosi, na kwa ajili ya siku zake nitajaza pipa la mwaloni kabla, wasikose maji. Jumapili wapumzike kama sisi. Walale kwa shemeji, kuna bati, mimi nitawaletea majani."

Kwenye kurasa zangu nne hilo halikuwemo. Halikuwa limenipita hata karibu. Yule mzee wa fidia akasema, "Kwa hiyo punda wataishi kwa zamu kama mume wa wake wawili," na kikao kikacheka hadi mwenyekiti akapiga meza. Lakini Masanja hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji yake kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nakubali," alisema. "Na walale kwako, mayu, mama yangu. Hapo ndipo walipozoea."

Tukatoka wote kwenda kuwaunganisha, wanazengo nyuma yetu, maana kikao chenye punda hakiishii kwenye mabenchi. Masanja alipomfungua Diwani hakuhitaji kumwongoza. Diwani alikata shamba la pamba moja kwa moja, kamba inaburuzika, akilia kama jina lake. Ng'ambo ya minyaa Katibu aliinua masikio. Alipiga hatua moja, akapiga ya pili. Walipokutana hawakufanya chochote cha ajabu. Kila mmoja aliweka shingo juu ya mgongo wa mwenzake, wakafumba macho. Mama Shija ndipo alipolia, na mimi pia, nikijifanya nakagua kwato.

Jumamosi maji yalifika mwaloni kabla ya saa mbili, kwenye mkokoteni wa marehemu uliorudishiwa upana wake. Sikusikia tena habari za mjane kurudi kwao. Shija sasa ni mwalimu, na hajui kwamba nilikaribia kumpotezea mama kwa dawa ya minyoo.

Miaka iliyofuata nilipewa watu wa kuwasimamia, na mnajua nilivyowasimamia, maana wengine wenu mlikuwamo. Kuna mmoja, sitamtaja, yuko hapa anasoma, aliyekuwa anagoma kwenda Segese. Nilimwandikia barua mbili za onyo, na ya tatu ilikuwa mezani inasubiri muhuri. Siku hiyo nikaamua kupanda naye pikipiki badala ya kumtuma. Kila tulipokaribia boma lenye mbwa, alipunguza mwendo na kuinua miguu hadi kwenye tangi. Aliumwa na mbwa utotoni. Afisa mifugo hawezi kuandika hilo kwenye barua ya kujieleza, hata mimi nisingeandika. Tukabadilishana vijiji, na barua ya tatu niliwashia jiko. Ndugu yangu, karibu nyumbani wakati wowote. Nina paka tu.

Si kila mara nilifaulu. Kuna watu niliwavuta wakaondoka, na kuna mmoja nilimsukuma hadi akaacha kazi, na nikikutana naye sokoni Kharumwa tunasalimiana kwa haraka. Hilo nalo ni la kazini, mliweke kwenye daftari pamoja na mengine.

Mzee Jilala alizeeka akarudi Didia. Nilimtembelea kila nilipopata safari ya huko, na kila mara alinikagua viatu kwanza. Alifariki masika iliyopita. Nilikwenda kuzika. Mwanawe alinipa ile sindano ya magunia, ikiwa bado imechomekwa kwenye kofia, na sikuweza kusema asante vizuri. Nilirudi kazini siku iliyofuata, nikafanya makabidhiano, nikahudhuria sherehe yangu ya kuagwa, nikapokea kitenge na saa ya ukutani, nikatabasamu kwenye picha zote. Watu wakasema Mama amestaafu kwa furaha.

Wiki yangu ya mwisho nilimpeleka anayenipokea kuwatambua wafugaji. Tulimaliza kwa Mama Shija. Sasa ana mvi, na mikokoteni miwili, na punda ambao majina ni yale yale. Alimweleza kijana kwamba huyu ni Katibu wa pili na yule ni Diwani wa nne, madiwani huwa hawadumu. Kijana akaenda kuwakagua, na alianza na meno, nikamwacha.

Mama Shija akanitazama, kisha akatazama njia nyuma yangu, alikozoea kuona baiskeli.

"Na mwenzio?" akauliza. Habari haikuwa imemfikia.

Nikafungua mdomo kumjibu, nikashindwa. Tangu mazishi nilikuwa nimeongea na kila mtu na sikuwa nimelisema hilo mara moja. Nilisimama tu pale kwenye pembe ya ua, karibu na minyaa, nikiitazama njia.

Mama Shija hakuuliza tena. Hakunishika mkono kuniingiza ndani, hakunipa pole, hakunisukuma kwenye kiti. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, bega kwa bega, akaangalia nilikokuwa naangalia. Tukasimama hivyo mpaka nilipoweza kutembea.